Hodi Mlangoni kwa Mama Festo

Tangu asubuhi Mwanakheri alikuwa hatulii. Akae, asimame, aende dirishani kuutazama ukungu wa Njombe uliolalia bustani na kugoma kuondoka, arudi, akae tena. Chai aliyojimiminia ilipoa bila kuguswa. Na baridi ile, jamani! Mtoto wa Pangani huyu, aliyezoea kujifunika kanga moja usiku kucha, sasa alikuwa na sweta mbili na soksi nene za sufu, na meno bado yanagongana. Lakini leo, kusema kweli, baridi ilikuwa inasingiziwa tu. Kilichomtetemesha ni kitu alichokuwa amekiandika kwenye kompyuta.

"Bado?" aliuliza Mzee Kibiki.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, kofia yake ya sufu mapajani, anaizungusha bila kujua kwamba anaizungusha. Mkewe, Mama Yustina, alikuwa amelazwa chumba cha kona, na kila mtu pale Nyumba ya Marejeo alimwita Mama Festo, kwa jina la mwanawe wa pekee.

"Bado kidogo, mzee wangu. Na kama unataka kughairi, ghairi sasa."

"Nighairi nikamwambie nini? Jana kaniuliza tena, 'Baba Festo, mtoto yuko wapi?' Nikamwambia kapeleka majani chai Dar. Juzi nilimwambia Dar. Wiki iliyopita Dar. Binti, hata gari la ng'ombe lingekuwa limesharudi!"

Mwanakheri alitaka kucheka, cheko likagoma kutoka.

Festo hakuwa Dar. Festo alikuwa amezikwa Lupembe, tangu lori lake lilipoteleza kwenye kona na kupinduka, mama yake akiwa amekaa kando yake. Kijana alikata roho pale pale. Mama alitolewa akiwa anapumua, lakini macho hayakufunguka, mkono haukunyanyuka, ulimi haukunena. Ndipo akaletwa hapa, akavikwa kilemba.

Kilemba chenyewe kilikuwa kofia laini ya nyuzi nyembamba, iliyosema na ubongo moja kwa moja bila kupitia macho wala masikio. Mgonjwa aliyekuwa gogo kwa nje, ndani alijengewa Kitongoji chake: nyumba yake, jiko lake, ua wake, hata utelezi wa kwao. Mama Festo alikuwa akipika humo, akifagia, akiota moto. Alijua kwamba anaumwa na kwamba yumo kilembani, hilo hakufichwa, ila ajali yenyewe hakuikumbuka. Sauti ya mumewe ilimfikia kutoka kwenye redio iliyokuwa juu ya kabati la humo ndani, na alipoijibu, maneno yake yalitoka kwenye spika iliyo kando ya kitanda. Na Nesi Atuganile alipomkanda mkono wa kweli, kule ndani Mama Festo aliona kuku anamdonoa kiganjani. Akimfukuza kuku, vidole vya kweli vilijikunja kidogo. Hivyo ndivyo watu walivyorejea, kidole kwanza, kisha mkono, kisha kope.

Yote hayo yalipitia kwenye foleni, na foleni ndiyo iliyokuwa kazi ya Mwanakheri. Mguso, sauti, mwanga, kila kilichotokea kiligeuzwa kuwa tukio, likaandikiwa aina yake na chanzo chake, likasukumwa mkiani mwa foleni. Mtambo ulizunguka bila kuchoka: uchukue la mbele, umwoneshe mgonjwa, ulitupe, urudi kuchukua linalofuata. Mtambo hauna maswali. Tukio lililotoka kwenye ngozi ya mgonjwa, na tukio alilolitunga mtu kichwani mwake akiwa amekalia kiti, kwake ni yale yale. Kwa sababu hiyo Nyumba ilikuwa na amri iliyobandikwa mlangoni pa chumba cha mitambo: tukio lisilo na chanzo halisukumwi. Mwandishi wa programu aliruhusiwa kutunga mvua, jogoo, machweo, vitu visivyoumiza mtu. Kumtunga mtu, mwiko. Kumtunga marehemu, astaghfirullah, hakuna hata aliyefikiria kuandika kwamba ni mwiko.

Na bado Mwanakheri alikuwa ameshamwandika. Aliuomba mtambo namba ya aina mpya ya tukio, isiyogongana na zilizopo, akaipa jina ZIARA. Ndani yake akaweka sura ya Festo kutoka kwenye video za simu alizoletwa na mzee, sauti yake, kikohozi chake, mwendo wake wa kuburuza mguu. Halafu, kwa kuwa yeye mwenyewe alilelewa akaleleka, akamfundisha adabu. Afike mlangoni, apige hodi. Asiingie mpaka akaribishwe. Akishaingia asiondoke mpaka aombe ruhusa na mwenye nyumba amruhusu. Kwao Pangani hata kaka zake walipiga hodi kwa mama yao. Ukiingia kimya kimya, kandambili ilikufuata kichwani kabla hujafika ukumbini.

"Mzee wangu," alisema, "unamkumbuka yule seremala wa chumba cha mwisho?"

"Namkumbuka. Ndiyo maana niko hapa."

Seremala yule aliambiwa akiwa kilembani kwamba nyumba yake iliungua na watu wake wote. Akaketi chini katika Kitongoji chake, akageukia ukuta. Tangu hapo hakuna tukio lililomgeuza, si mvua, si sauti ya dada yake, si sindano. Siku hiyo Mwanakheri alikuwa zamu, na aliitazama foleni ya yule mtu ikipita mbele yake bila kujibiwa hata mara moja.

Akapiga moyo konde, akabonyeza.

Kwenye skrini yalionekana majina ya matukio tu; maneno ya mgonjwa ndani ya Kitongoji yalikuwa siri yake. HODI, iliandika skrini. Halafu tena, HODI. Mzee Kibiki alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Kisha: KARIBU. Kisha: INGIA.

Mzee alirudi kitini akajifunika uso kwa kofia, na mabega yakaanza kumcheza. Baada ya muda wakaenda wote wawili chumba cha kona, na spika ya kando ya kitanda ikasema kwa sauti ya Mama Festo, taratibu, "Baba Festo? Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Festo kaja."

"Kaja! Si nilikuambia?"

"Kaja," alisema tena. "Nimemtolea kiti."

Mzee aliushika mkono wa Mwanakheri akaubana mpaka pete ikamuuma. Na yeye, mjinga wa watu, aliona amefanya jambo jema.

*

Nesi Atuganile hakuwa mtu wa kugonga mlango kwa kidole. Aliusukuma kwa bega.

"Kheri! Inuka. Njoo umwone mgonjwa wangu."

"Kuna nini?"

"Ningejua ningekuja kwako? Inuka, bwana!"

Siku kadhaa zilikuwa zimepita tangu ile hodi, na katika siku zote hizo Mwanakheri hakulala usingizi wa maana. Mzee Kibiki alikuwa akija na viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa, anamshukuru, anamwita mwanangu, na kila shukrani ilimkaa rohoni kama mfupa wa samaki. Sasa alimfuata Atuganile kwenye ujia karibu kwa kukimbia.

Atuganile aliketi kitandani, akauchukua mkono wa Mama Festo, akaanza kuukanda kiganjani kwa kidole gumba. Alikuwa mwanamke wa Tukuyu, mnene, mcheshi, mwenye mikono ambayo wagonjwa waliipenda hata wakiwa hawajitambui. Leo hakuwa na ucheshi wowote.

"Wiki iliyopita vidole hivi vilikuwa vinanishika. Vilikuwa vinanishika, Kheri! Nilimpigia mume wangu simu nikamwambia mama huyu anarudi. Sasa tazama. Nakanda mpaka nachoka. Hakuna kitu."

"Labda amechoka."

"Amechoka na nini? Amelala!"

Mwanakheri alirudi chumba cha mitambo akaifungua foleni ya Mama Festo. Foleni ilikuwa imejaa pomoni. HATUA. HATUA. PUMZI. KITI-KULIA. KIKOHOZI. PUMZI. HATUA. PUMZI. Yote ya aina moja, yote watoto wa ZIARA. Yule mgeni wake hakuwa ameondoka tangu siku ile ya kwanza. Alikuwa bado amekaa kule ndani, anahema, anakohoa, anageuka kitini, na kila pumzi yake bandia ilikuwa inashika nafasi.

Na foleni ikijaa haisemi. Haimwambii anayekuja angoje nje. Tukio jipya likikuta nafasi hakuna, linadondoshwa, basi, kama halikutokea. Kidole gumba cha Atuganile kilikuwa kimefika mlangoni pa mama huyu mara nyingi sana, na kila mara hakuna aliyemwambia mwenye nyumba.

"Umeona nini?" Atuganile alikuwa amesimama nyuma yake.

Mwanakheri angeweza kudanganya. Ulimi ulishaanza kujiandaa. Lakini mikono ya yule mama ilikuwa bado machoni pake, mikavu, imelala juu ya shuka.

"Ni mimi," alisema. "Nimesukuma tukio la kutunga. Nimemwingiza Festo."

Atuganile hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na akakaa juu ya meza, karibu aangushe kikombe.

"Festo gani? Marehemu?"

"Marehemu."

"Kheri!"

"Baba yake aliniomba. Nilidhani atakuja, atasalimia, ataondoka. Sasa haondoki, na amejaza foleni, na mkono wako haumfikii mama."

"Yaani mimi nimesimama bombani na maji yangu ya kweli," alisema Atuganile polepole, "na wewe umenipangia mbele ndoo tupu mpaka barabarani."

Mwanakheri aliinamisha kichwa.

"Mtoe."

"Nikimtoa ghafla atayeyuka mbele ya macho ya mama yake. Nimemwandika aondoke kwa ruhusa. Na tazama, anaiomba." Akaonesha kwenye skrini. OMBA-RUHUSA. Jibu: HAPANA. Na tena, chini kidogo: OMBA-RUHUSA. HAPANA. "Kila akiinuka, mama anamkatalia."

"Na mama gani atamruhusu mwanawe aende?" alisema Atuganile, na hasira yake ikapungua kidogo, sauti ikawa nzito. "Wewe umejifungua?"

"Bado."

"Basi."

Lakini Mwanakheri hakuridhika. Kulikuwa na kitu kinamkera katika zile HAPANA, zilivyofuatana bila kusitasita. Akataka kusikia maneno yenyewe. Kwa sheria ya Nyumba, ruhusa ya kusikiliza ilikuwa ya mume peke yake.

*

Mzee Kibiki aliwasili mchana, viatu vimejaa tope, viazi mkononi. "Kamwene," aliwasalimia kwa lugha ya kwao, akaona nyuso zao, akaviweka viazi chini. Mwanakheri alimweleza yote, foleni na mkono na zile HAPANA, bila kujipamba. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Washa," alisema.

Sauti za Kitongojini zilijaa chumbani. Moto ulikuwa unalia jikoni. Kiti kikalia. Kisha sauti ya kijana, changamfu, ile iliyookotwa kwenye video za harusi na za shambani, ikasema, "Niko poa, mama. Usijali."

Mzee Kibiki alifumba macho.

"Hilo umeshasema," alijibu Mama Festo. Hakuwa na ukali wala machozi. Ilikuwa sauti ya mtu anayemhudumia mgeni. "Kunywa togwa, mgeni. Limepoa."

"Ahsante, mama."

"Mgeni?" alinong'ona Atuganile.

"Nimekuuliza na bado hujanijibu," Mama Festo aliendelea. "Sura umeichukua kwake, sauti umeichukua kwake, sikatai. Umefanana naye mpaka mguu. Lakini mwanangu mimi tangu aanze kutembea hajapata kupiga hodi mlangoni kwangu. Festo anaingia anapiga kelele, Mama jikoni kuna nini, na sufuria ameshafunua. Nimemchapa, nimemsema, baba yake kamsema, hajabadilika. Wewe ulisimama nje ukapiga hodi kama karani wa kijiji. Anayepiga hodi hivyo kwenye nyumba yenye mgonjwa ametumwa. Ametumwa na habari."

Moto ukalia.

"Naomba ruhusa niondoke, mama," ilisema sauti ya kijana, kwa adabu ya Pangani.

"Hapana. Huondoki mpaka useme ulichotumwa. Hata kama ni kibaya. Mimi nimekaa hapa nakungoja wewe."

Mwanakheri alinyoosha mkono akazima. Hakuweza kuendelea. Kwa hiyo hodi ndiyo iliyomfichua yule mgeni, adabu yake mwenyewe, aliyompachika mtoto wa watu bila hata kuuliza jinsi alivyokuwa akiingia kwao! Lo! Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Na chini ya aibu, uchungu, maana mama yule alikuwa amekaa na mgeni siku zote hizo akingoja neno, na neno lenyewe mgeni hakupewa.

Wa kwanza kusema alikuwa Mzee Kibiki. Alizungumza haraka haraka, anameza maneno.

"Mwondolee hodi. Binti, sikia. Mtoe huyu kwa njia yoyote, halafu mlete tena. Aingie kama Festo. Aingie anapiga kelele, afunue sufuria. Nitakueleza yote, hata matusi yake nitakueleza. Aseme alikuwa anamtania mama yake. Festo alipenda utani. Ataamini. Inawezekana?"

Mwanakheri alitazama kompyuta. Ilikuwa kazi ya mstari mmoja. Kufuta mstari mmoja, kuongeza kicheko, kupunguza zile pumzi ili foleni isijae, na mkono wa Atuganile ungefika, na kuku angedonoa, na Mama Festo angepona akiwa na mtoto. Vidole vyake vilishakuwa juu ya vitufe. Alivitazama kama vya mtu mwingine.

"Inawezekana, mzee wangu," alisema. "Hilo ndilo linaloniogopesha. Naweza kumwandika vizuri mpaka hata wewe ukimwona utamkimbilia."

"Basi mwandike!"

"Na siku atakapofungua macho? Atauliza Festo yuko wapi, na hapa nje hakuna foleni ya kumsukumia mtu."

"Siku hiyo atakuwa na nguvu."

"Au hatafungua. Kwa nini afungue, kama mtoto yuko kule ndani? Mama amegundua, mzee. Amekaa mlangoni anangoja ukweli. Tukimpa Festo mzuri zaidi ataacha kungoja, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemfungia ndani."

"Na akigeukia ukuta kama yule seremala?" Mzee alipiga paja lake. "Nijibu hilo! Nimezika mtoto. Unataka nimzike na mama yake akiwa anahema? Akigeukia ukuta utafanya nini?"

"Sijui."

"Hujui!"

"Sijui, wallahi. Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya na wewe."

Mzee alisimama, akaenda mlangoni, akarudi, akaenda dirishani. Sasa naye kiti kilikuwa kinamchoma. Nje ukungu ulikuwa umeanza kupasuka, na mashamba yakaonekana vipande vipande. Atuganile alitaka kusema kitu, Mwanakheri akamtikisia kichwa asiseme.

"Msiba wa Festo walikuja watu wengi sana," alisema Mzee Kibiki akiwa amewapa mgongo. "Wakaimba, wakapika. Niliwapokea wote. Watu wakasema, mzee huyu amejikaza. Nilikuwa naweza kwa sababu yeye alikuwa hajui. Yeye akiwa hajui, kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye Festo kwake bado yuko safari. Nilikuwa nakuja hapa kukaa na mtu huyo." Akajifuta uso kwa kofia. "Si kwa ajili yake, binti. Ilikuwa kwa ajili yangu."

Akaivaa kofia kichwani.

"Kwetu habari kama hii haipelekwi na mgeni," alisema mwishowe, akageuka. "Wala haipelekwi na redio. Nataka nifike mlangoni kwake. Waweza kunifikisha?"

"Naweza. Na wewe una chanzo. Hiyo hata amri ya mlangoni inaruhusu."

"Basi nipe hodi yako."

"Mume hapigi hodi kwake," alisema Atuganile.

"Ndiyo," alisema mzee. "Ndiyo maana nitapiga."

*

Mwanakheri aliihamishia kompyuta chumba cha kona. Alisajili aina nyingine ya tukio, na safari hii hakutunga sura wala sauti. Mzee alisimama juu ya mkeka wa vihisi kando ya kitanda, kinasa sauti kikiwa kimebandikwa kooni, ili kila hatua yake na kila neno lake viingie foleni vikiwa na chanzo: yeye mwenyewe. Atuganile alikaa upande wa pili, mkono wa Mama Festo ndani ya mikono yake miwili. Na kwa idhini ya mzee, spika iliachwa wazi wasikie ya ndani.

Lakini foleni ilikuwa bado imejaa pumzi za mgeni. Hodi ya mzee ingedondoshwa kama ule mguso. Kwa hiyo kabla ya yote Mwanakheri aliuamuru mtambo ufagie kila tukio la ZIARA lililokuwa linangoja, na usipokee pumzi mpya. Foleni ikabaki tupu. Kule ndani mgeni bila shaka alinyamaza ghafla kitini mwake, bila kikohozi, bila pumzi.

"Sasa, mzee wangu."

Mzee Kibiki alijiweka sawa juu ya mkeka. Alivuta pumzi, akaachia, akavuta tena.

"Hodi," alisema.

Iliingia mkiani, na kwa kuwa hakukuwa na kitu mbele yake, hapo hapo ikawa ya kwanza. Mtambo ukaichukua.

Mzee aligeukia spika.

"Hodi hapa," alisema mzee, na sauti ikampasuka katikati.

Spika ilitoa mlio wa moto wa jikoni. Kisha Mama Festo akasema, hakumwambia mumewe, alimwambia yule aliyekaa kitini, "Wewe nenda. Mwenye habari kafika."

RUHUSA, iliandika skrini. ONDOKA. Na Festo yule wa kutungwa akatoka katika foleni, aina yake ikabaki jina tupu, na Mwanakheri akaifuta papo hapo asije akapata nafasi ya kufikiri.

"Baba Festo," ilisema spika. "Tangu lini unapiga hodi kwako?"

Mzee alifungua mdomo. Midomo ilichezacheza tu. Alijaribu tena, ikatoka pumzi, na pumzi hiyo nayo ikaingia foleni, ikachukuliwa, ikamfikia.

Baada ya hapo hata moto haukusikika. Mwanakheri aliitazama foleni na foleni haikuwa na kitu. Mtambo ulizunguka, ukakuta hakuna, ukazunguka tena. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa seremala. Hivi hivi! Akamwona kwa mawazo yule mama anainuka, anaacha togwa mezani, anakwenda kukaa chini kuelekea ukutani, na yeye Mwanakheri ndiye aliyemletea hodi zote mbili. Alitaka kusukuma kitu, chochote, mvua, jogoo. Akaikalia mikono yake.

"Usiingie," alisema Mama Festo.

Mzee akaganda.

"Ngoja hapo hapo nje. Natoka."

Atuganile akaguta. "Kheri," alisema, "ananishika. Kheri, ananishika!"

Skrini ilianza kujaa upya, na hakuna hata tukio moja ambalo Mwanakheri alikuwa ameliandika. KIDOLE. KIDOLE. KIGANJA. Chanzo: mwili. KOPE. Mzee Kibiki alikuwa ameshaondoka kwenye mkeka, amepiga magoti kando ya kitanda, uso wake karibu na uso wa mkewe, na macho ya Mama Festo yalikuwa yamefunguka, mekundu, yanamtafuta. Yalimpata. Midomo yake mikavu ikahangaika. Spika haikutoa kitu, kwa maana aliyesema sasa hakuwa tena kilembani. Sauti ilitoka kwenye koo lake mwenyewe, chakavu, ndogo, lakini wote watatu waliisikia.

"Mmemzika wapi?"

Mzee Kibiki alimshika mkono ule mwingine.

"Juu ya shamba, Mama Festo," alisema. "Pale karibu na babu yake, panapoonekana barabara." Na akaanza kumweleza kila kitu tangu siku ile, nani alikuja, nani aliimba, jeneza lilikuwa la mti gani, na yeye akamsikiliza macho yakiwa wazi, machozi yakitiririka mpaka masikioni, bila kumkatisha.